Mtani Hafukuzwi Msibani

Watu wa chuo walidhani Dokta Aidani Mbawala anaumwa vidonda vya tumbo. Alipita koridoni uso umekunjamana na mkono ubavuni, na makatibu muhtasari wakamwonea huruma wakawa wanamwekea maziwa kwenye jokofu la ofisi. Vidonda vya tumbo! Alichokuwa nacho Aidani ni kijiba cha roho, na kijiba cha roho hakijawahi kupona kwa maziwa. Kijiba chenyewe kilikuwa na jina. Kilivaa mtandio wa kijani, kilicheka kwa sauti, na kilikuwa kimerudi Songea kutoka Dar es Salaam kikiwa na cheo cha Profesa Mshiriki. Kiliitwa Zena Muhsini.

Na tusimdharau Aidani, maana hakuwa mtu wa hivi hivi. Alisomea mawasiliano mpaka uzamivu akiwa bado kijana, na tasnifu yake ilihusu utani wa makabila, jinsi watu wanavyoambiana kwa kicheko yale ambayo kama wangeambiana kwa kawaida wangeshikana mashati. Maprofesa walimtabiria makubwa. Kisha chuo kikafunguliwa Songea, akarudi nyumbani, na kwa bahati mbaya yake alikuwa mtu asiyechelewa na anayeandika mihtasari inayosomeka. Wakampa ukuu wa idara. Ukuu wa idara ukazaa ukurugenzi wa shahada za awali. Ukurugenzi ukazaa kamati: ya mitihani, ya mitaala, ya nidhamu, ya mahafali, hata ya kuangalia kamati nyingine. Miaka ikapita. Wanafunzi wakaingia na kutoka, ratiba za mitihani hazikugongana, matokeo yalibandikwa kwa wakati, na hakuna aliyewahi kumshukuru mtu kwa ratiba isiyogongana. Ratiba haina jina la mtunzi. Tasnifu yake ikabaki kabatini, na Aidani akabaki Mhadhiri Mwandamizi.

Zena alikuwa mwanafunzi wake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimpokea mwaka wa kwanza, binti mwembamba wa wakulima wa korosho kutoka Tunduru, Myao wa kabisa, akiongea haraka kama anayekimbizwa. Mwaka wa mwisho, Zena alipohitaji mtu mzima wa kumhoji juu ya usemi wa wanawake misibani, Aidani alikuwa anawahi kikao cha Seneti, faili kwapani. Akamjibu akiwa mlangoni.

"Nenda kwa mama yangu Mshangano. Mwulizie Mama Walburga, kila mtu anamjua. Yule anaongea mpaka mbuzi wanasahau majani."

Alimtuma mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Zena akaenda na kinasa sauti, akakaa jikoni na Mama Walburga hadi jioni. Juma lililofuata akaenda tena. Akamsaidia kupalilia maharage, akajifunza Kingoni mpaka akawa anatukania kwa Kingoni, na hata alipohamia Dar es Salaam hakuna likizo iliyopita bila yeye kushukia Mshangano kwanza kabla ya kuendelea kwao Tunduru. Katika jiko lile ikatoka shahada ya uzamili, ikatoka ya uzamivu, na mwisho kikatoka kitabu kinene ambacho sasa wanakisoma hadi ng'ambo. Dibaji ilimshukuru Mama Walburga ukurasa mzima. Dokta Aidani Mbawala alipewa mstari mmoja, "kwa kunielekeza njia," kama askari wa barabarani.

Penye miti hapana wajenzi. Aidani alilelewa jikoni mle. Maneno yale aliyasikia akiwa anachoma mahindi, akayapita kwenda shule, akayapita kwenda chuo, na baadaye akayapita kila mwezi akileta sukari na sabuni, gari likiwa bado linaunguruma nje. Kisha akaja mtoto wa watu, akainama, akaokota. Aidani alipokisoma kile kitabu, na alikisoma mara nyingi kuliko alivyokiri, alimsikia mama yake humo akisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mwanawe. Kila ukurasa roho ilimuuma. Alitafuta kosa, akapata herufi moja iliyoachwa, akaipigia mstari mwekundu kwa furaha ya kusikitisha.

Sasa Zena alikuwa amerudi, na nafasi ya Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma ilikuwa imetangazwa. Kamati ya kutafuta mtu wa kuijaza iliongozwa na Profesa Valeriani, mzee mstaafu, mpole, mwenye kitambaa cha leso kisichokauka mkononi. Majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili. La Aidani, na unalijua lile jingine.

"Nikikipata hiki cheo," Aidani alimwambia mkewe Anjelika wakila, "roho yangu itatulia. Basi. Sitaki kingine."

"Basi kipate," Anjelika akasema, akimwongezea mboga. "Maana tangu yule dada arudi, unakula kama unayetafuna jina lake."

Aidani hakucheka. Aliamini kweli kwamba cheo kile ndicho kitakachomaliza maneno. Zena awe na kitabu, sawa. Awe na uprofesa, sawa. Lakini siku atakapobisha hodi ofisini kwa Naibu Mkuu wa Chuo na kumkuta mwalimu wake nyuma ya meza, kila kitu kitarudi mahali pake.

Kabla kamati haijawaita kwa usaili, mjomba Kajetani akafariki.

Kajetani alikuwa kaka yake Mama Walburga, mzee wa pombe ya komoni na hadithi, na Aidani ndiye mpwa mkubwa, kwa hiyo msiba ulimwangukia. Aliupanga kama mahafali. Aligawa majukumu, akaandika ratiba ya ibada, akaweka mtu wa kupokea wageni wa chuo na kuwakalisha upande wa kivuli. Mwezi wa sita huo, upepo wa milima ya Matogoro unakata masikio, na watu walikuja kwa wingi wamejifunika mablanketi na makoti. Profesa Valeriani alikuja na wajumbe wawili wa kamati. Aidani aliwaona wakiketi, na katikati ya huzuni yake, Mungu amsamehe, akafikiri: wataona jinsi ninavyopanga mambo.

Kisha wakafika watani.

Kama hujakaa huku kwetu, ujue hivi. Wangoni na Wayao walipigana zamani za mababu, wakachoka, wakawa watani. Mngoni akifiwa, Myao anakuja na jembe lake bila kuitwa. Anachimba kaburi, anachota maji, anapika, na katikati ya kazi hizo anafanya vituko vya kumtoa mfiwa machozi mpaka asijue kama analia au anacheka. Atavaa koti la marehemu. Atalala njiani jeneza lisipite. Atamsema marehemu na ukoo wake mzima, na analosema halichukiwi. Atakayekasirika anatozwa faini, na mpaka ailipe, mtani hashiki tena jembe. Bila mtani, hakuna anayefukia.

Watani wa mtaa wa Majengo waliongozwa na mzee Sefu, mwuza vitenge mwenye tumbo mbele na maneno nyuma yake. Na kando yake, kanga kiunoni, viatu vya shamba miguuni, jembe begani, alikuwa Profesa Mshiriki Zena Muhsini. Alikuwa amechimba tangu asubuhi. Macho yalikuwa mekundu, kwa vumbi au kwa kilio, Aidani hakutaka kujua. Alichokiona yeye ni kwamba wajumbe wa kamati walikuwa wanamtazama Zena.

Vituko vikaanza. Sefu alivaa kofia ya Kajetani, akayumba mpaka kwenye jeneza, akaliuliza kama limebakisha komoni. Wajane wa ukoo wakacheka huku wakipenga kamasi. Hata Aidani alitabasamu kidogo, tabasamu la mtaalamu anayeona tasnifu yake ikitembea kwa miguu.

Jeneza lilipoinuliwa kupelekwa kaburini, Zena akasimama katikati ya njia. Alikuwa amechomeka miwani ya kuazima puani na kukumbatia kifuani jani la mgomba lililokunjwa mfano wa faili. Akakohoa. Mkono mmoja akauweka ubavuni. Watu wa chuo walimtambua anayeigizwa kabla hajasema neno, na kicheko kikaanzia upande wao wa kivuli.

"Waheshimiwa wajumbe," Zena akasema kwa sauti ya Aidani, ile inayopanda mwishoni, "akidi imetimia. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ajenda ya pili, yatokanayo. Ajenda ya tatu, maziko. Marehemu ameomba udhuru?"

"Hajaomba!" Sefu akapokea.

"Hajaomba kwa maandishi? Basi haendi popote. Na mahudhurio yake kanisani yametimia? Katekista, lete mahudhurio. Hayajatimia! Ndugu zangu, kanuni ni kanuni. Huyu hawezi kuzikwa. Arudie mwaka!"

Uwanja ulilipuka. Wabebaji jeneza ilibidi walitue chini, maana mikono ililegea kwa kucheka. Profesa Valeriani alijifuta machozi kwa leso. Mama Walburga, aliyekuwa hajala tangu juzi, alicheka akapiga paja, akasema, "Mwone huyu mbwa wa Tunduru, mwone!" na ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutoka tangu kaka yake akate roho.

Aidani alisikia kicheko cha mama yake. Bado angeweza kuvumilia. Lakini utani una ngazi zake, na Zena akapanda moja zaidi. Akaivua miwani, akamgeukia.

"Haya, Mngoni. Tunakupa mtihani wa mwisho, ukifaulu tunazika. Mjomba wako, kabla padri hajamwita Kajetani, mama yake alimwitaje?"

Watu wakatulia kusubiri jibu, wakitabasamu. Lilikuwa swali jepesi la kitani, la kumfungulia mpwa nafasi ya kumtaja mjomba wake kwa jina la nyumbani kabla ya udongo. Mpwa yeyote angelijua. Isipokuwa Aidani. Hakulijua. Hakuwahi kuuliza. Na akaona machoni mwa Zena kwamba yeye analijua, kwamba alishaambiwa jikoni Mshangano siku moja wakati Aidani yuko kikaoni.

"Toka!" akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Toka hapa! Ulikuja kwetu huna kitu, ukakaa jikoni kwetu, ukamkamua mama yangu maneno mpaka ukawa profesa. Umemaliza, sasa umekuja kwenye kilio changu kunifanya mpumbavu mbele ya wakubwa wangu! Toka kwenye msiba wetu!"

Akamnyang'anya lile jani la mgomba akalitupa.

Zena hakujibu, mtani hajibu hasira. Alishusha jembe begani na kulilaza chini polepole. Sefu akavua kofia ya marehemu, akaiweka juu ya jeneza, akalaza la kwake. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, majembe chini, beleshi chini. Kina mama wa Kiyao waliokuwa jikoni wakaacha sufuria za maharage motoni wakaja kuketi pamoja na wenzao kwenye udongo mbichi wa kaburi.

"Mtani amekasirika," Sefu akatangaza kwa huzuni ya kweli. "Tumeona. Sisi tumekaa."

Mtu aliyeandika tasnifu nzima juu ya utani! Wale waliokuwa wanafunzi wake zamani waliinamisha vichwa, wakiona aibu kwa niaba yake.

Mama Walburga akainuka mkekani. Alikuja kwa fimbo yake hadi mbele ya mwanawe, na wala hakupaza sauti.

"Aidani. Mtani hafukuzwi msibani. Nani atamfukia ndugu yangu sasa, wewe na kalamu zako? Piga magoti."

"Mama, wageni wa chuo..."

"Wanaona. Piga magoti."

Akapiga magoti, na suti yake nyeusi, kwenye vumbi. Kuku akaletwa, jogoo mweupe, akashikishwa mikononi. Sefu akatikisa kichwa.

"Kuku tutakula, ahsante. Ila mlongo, ndugu yangu, kwa hasira ya namna hii kuku hatoshi. Lazima useme kilichokukasirisha. Na usizunguke. Ukizunguka, tunarudi Majengo, mtazika wenyewe."

Aidani alitazama kushoto, akaona Valeriani na wajumbe. Alitazama mbele, jeneza limetua chini peke yake. Alijua namna mia za kusema jambo bila kulisema; ndiyo kazi aliyofanya miaka yote. Zote zikamkimbia. Jogoo alikuwa anapapatika, goti lilikuwa juu ya jiwe, na alikuwa amechoka, amechoka kwelikweli, kubeba kile kitu.

"Nina wivu," akasema.

"Hatusikii!"

"Nina wivu naye!" akapaza. "Nilimfundisha mimi, akanipita. Kitabu chake kilikuwa jikoni kwetu, nikakiruka kama kuni. Namwonea wivu akicheka, namwonea wivu akisalimiwa. Mama yangu anamwambia mambo ambayo hajawahi kuniambia mimi. Na hiki cheo tunachogombea, sikitaki kwa ajili ya chuo. Nakitaka ili yeye asikipate. Ndiyo hivyo. Hilo ndilo lililonikasirisha."

Kisha Sefu akapiga yowe, akaanguka chali juu ya lundo la udongo, miguu juu, akicheka. Uwanja mzima ukafuata. Watu walishikana mabega. Wanawake walipiga vigelegele msibani. "Mngoni kaweza! Mngoni kalipa na riba!" Profesa Valeriani alikuwa ameinama, leso mdomoni, mabega yakimtetema, na wajumbe wake walipiga makofi. Walidhani amejibu utani kwa utani. Walidhani ni kituko kizuri kuliko vyote vya siku ile.

Aidani alibaki amepiga magoti, jogoo mkononi, akitazama huku na huku. Amesema ukweli ambao hajawahi kumwambia hata padri, na hakuna aliyemwamini.

Wawili hawakucheka. Mama yake alikuwa ametazama chini, akichora vumbi kwa ncha ya fimbo. Na Zena alikuja, akampokea kuku kwa mikono miwili. Alimtazama usoni kidogo tu, kwa namna ambayo Aidani angependelea kofi.

"Tumepokea," Zena akasema taratibu. Akaokota jembe. "Zikeni."

Mama Walburga alipotupa gao lake la udongo alimwita kaka yake kwa jina lile la utotoni. Aidani ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza.

Cheo alikipata yeye.

Valeriani alimwambia kwa siri, akimshika kiwiko, kwamba usaili wao wote wawili ulikuwa mzuri, na kwa machapisho Zena alikuwa mbele, hilo lazima aseme. "Lakini siku ile kaburini, Dokta, ulituonyesha kitu. Mtu anayeweza kujicheka namna ile mbele ya mpinzani wake hana husuda. Chuo kinataka mtu asiye na husuda." Aidani hakumsahihisha. Alisema ahsante.

Kwa mwezi mzima alingoja roho itulie. Alikaa nyuma ya meza kubwa, akapokea pongezi, akanunuliwa kalenda yenye picha yake. Zena alikuja kumpongeza siku ya kwanza, akamwita "Naibu" bila mzaha na bila uchungu, na hilo nalo likamkera. Angalau angenuna! Mtu unamshinda na yeye hajui kwamba ameshindwa. Jioni Aidani alimwona kupitia dirishani, amezungukwa na wanafunzi chini ya kibanda cha kahawa, wanacheka, na ubavu ukamkaza palepale pa zamani.

Kisha ombi la Zena likapanda mezani kwake. Aliomba likizo ya utafiti ya mwaka mmoja, arekodi wazee wa Songea na Tunduru kabla hawajaisha. Wa kwanza katika mpango wake alikuwa Mama Walburga. Ombi lilikuwa safi, idara ilishalipitisha, lilingoja sahihi ya Naibu tu. Aidani alilisoma akasimama, akazunguka meza, akaketi. Akashika kalamu na kuandika kwamba kutokana na upungufu wa wahadhiri ombi halikukubaliwa kwa sasa. Upungufu haukuwepo. Ratiba aliipanga yeye mwenyewe, alijua.

Zena alikuja siku hiyohiyo.

"Mwalimu," akasema, na hakusema Naibu. "Mama amezeeka. Msimu wa baridi wa mwaka jana alilala kitandani karibu wote. Unalijua hilo?"

Hakulijua. "Kanuni ni kanuni," akajibu, na maneno yalipotoka akasikia yamevaa sauti ile aliyoigizwa nayo kaburini.

"Sawa," Zena akasema, akatoka, mlango akaufunga taratibu. Hakugombana, hakukata rufaa. Aidani alikaa akiuchukia utaratibu ule wa kufunga mlango.

Jumamosi ya wiki iliyofuata aliamka na wazo ambalo alishangaa halikumjia miaka yote. Kwani mama ni wa nani? Alinunua kinasa sauti Majengo, kizuri kuliko cha Zena, akaendesha mwenyewe hadi Mshangano na safari hii akazima gari. Mama Walburga alikuwa barazani na ungo, anachagua maharage. Alikuwa amepungua. Aidani aliona mikono yake na kujiuliza ilianza lini kuwa hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kwa wasiwasi. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimekuja tu kukaa." Akavuta kigoda, akaweka kinasa sauti juu ya gunia, akakiwasha. Taa nyekundu ikawaka. "Nimekuja unisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Mambo. Ya zamani. Yale unayomsimulia Zena."

"Aa, Zena simsimulii," mama akasema, akipuliza makapi. "Zena ananiuliza. Anakaa hapohapo ulipokaa, anasema, mama, siku unaolewa nani alikucheka? Mama, mlipokosa mvua mlikuwa mnaambiana nini kisimani? Basi mimi najibu. Alikuja Jumapili. Kasema umemnyima hiyo likizo, nikamwambia wala asijali, Jumapili si ya chuo." Alisema hivyo bila lawama yoyote, akaweka ungo magotini, akakunja mikono juu yake, akamgeukia mwanawe vizuri. "Haya, baba. Uliza na wewe. Nakusikiliza."

Aidani akavuta pumzi. Alikuwa amefundisha namna ya kuhoji watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Maswali ya wazi, maswali ya kina, ya kufuatilia. Alimtazama mama yake usoni akatafuta hata moja. Kila alilolishika lilikuwa la Zena. Zena angeuliza hivi, Zena alishauliza vile. La kwake mwenyewe, la mtoto kwa mama yake, halikuwepo, maana ili uulize lazima uwe unajua kidogo, naye hakujua hata pa kuanzia. Wivu ulimpanda hadi macho yakamlengalenga, na safari hii hakujua amwonee nani.

Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Mama Walburga alingoja kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja. Kisha, alipoona mwanawe hasemi kitu, akamhurumia, akauvuta ungo wake.

"Basi, usijisumbue, mwanangu," akasema kwa upole. "Leo una kikao saa ngapi?"